Huduma shufaa isiishie getini KCMC

Tangu kitengo cha saratani kifunguliwe katika hospitali ya KCMC, Moshi, mwishoni mwa 2016, wagonjwa wengi wa Kaskazini wamepunguziwa safari ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Ni hatua kubwa. Lakini mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeshakomaa halali wodini miezi mitatu. Anaruhusiwa, anapandishwa gari hadi Machame, Marangu au Rombo, kwenye kihamba, shamba la ukoo walikozikwa wazee wake, na huko ndiko anakotaka kufia. Chukua saratani ya koo la chakula, ambayo Afrika Mashariki tunaijua vizuri mno: kidonge kinakwama, uji unarudi, maumivu hayalali. Atakayeitwa usiku si bingwa. Ni muuguzi wa zahanati au afisa tabibu, na kama chuoni hakufundishwa kutuliza maumivu, ataacha panado mezani na kuaga.

Ndiyo maana nasema mafunzo ya huduma shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito, yawe somo la lazima, lenye mtihani, katika kila chuo cha uuguzi na utabibu, yasiwe semina ya siku chache kwa waliobahatika kuteuliwa. Hospitali za Kanisa la Kilutheri (KKKT), Selian ya Arusha ikiwa mstari wa mbele, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba mgonjwa anaweza kufuatwa hadi kitandani kwake. Ila huduma inayotegemea watu wachache wenye moyo huyumba mmoja wao akihamishwa. Mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani lilizitaka nchi ziingize elimu hii katika mafunzo ya msingi ya madaktari na wauguzi wote. Na elimu yenyewe si ya ajabu: kumwomba mgonjwa ayapime maumivu yake kuanzia sifuri hadi kumi, kuanza na mofini ya maji kwa dozi ndogo, kuitoa kila baada ya saa nne bila kungoja alie, na kumpa pamoja nayo dawa ya kulainisha choo. Hilo la choo ndilo husahaulika, na mgonjwa huishia kuikataa mofini yenyewe.

Wapo wanaosema mofini ikifika zahanati itaibwa, au itazalisha mateja. Hofu hiyo ina sababu, maana dawa hiyo ikitumiwa ovyo inaua. Lakini kufuli, daftari na hesabu ya chupa ni sehemu ya somo hilohilo. Uganda, ambako daktari Anne Merriman alianzisha huduma hii mwaka 1993, sheria ya 2004 iliwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kozi maalumu kuandika mofini, na huduma ikafika wilayani ambako madaktari ni wa kutafuta. Upungufu wa mofini ndio unaotuumiza: ripoti ya jarida la Lancet ya 2017 ilionyesha kuwa kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu.

Pingamizi zito zaidi ni la wauguzi wenyewe: kazi imewazidi, na sasa wanaongezewa somo. Sina jibu jepesi. Kumfundisha mtu kisha kumpeleka kwenye zahanati isiyo na mofini ni kumdhihaki, kwa hiyo dawa na mafunzo viende pamoja. Hata hivyo, muuguzi huyo tayari anasimamishwa mlangoni na ndugu wanaomwambia, “Usimwambie mzee ana nini,” naye anaingia ndani bila kujua aseme nini. Kazi anayo, alichonyimwa ni ujuzi wa kuifanya. Mwanafunzi anayetahiniwa kupima presha na kuchoma sindano atahiniwe pia namna ya kumjibu mgonjwa anayeuliza kama atapona, na asiyeweza arudie mtihani.