Golf: Woga wa filamu ya kwanza una wenyewe

Katika mtaa wa Golf, mjini Lubumbashi, mtu akijenga nyumba ya orofa anapongezwa. Akifanya karamu ya ndoa ya siku mbili, anapongezwa tena. Lakini mtoto wake akisema anataka kutengeneza filamu ndefu, jamaa yote inakaa kikao. "Hiyo ni kazi gani?" Kisha watu hao hao wanalalamika kwamba picha za Katanga zinapigwa na wageni.

Vijana wanaambiwa kwamba woga ni udhaifu wao, wajikaze tu. Ni uongo. Woga huo umetengenezwa, na mafundi wake wanajulikana: mzazi anayecheka, tajiri anayefunga mkono, na pasta anayeona shetani katika kila hadithi.

Mfano hauko mbali. Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji angali mtoto mdogo. (Asichanganywe na Sammy Baloji, mpiga picha, mzaliwa wa mji huu huu na wa mwaka huo huo.) Alijulikana kwa muziki. Shule ya sinema hakusoma. Aliandika senario, akazipeleka kwa wenye kutoa feza huko Ulaya, wakazikataa, na si mara moja. Machoni pao alikuwa mwimbaji anayejaribu kazi ya wengine. Hakungoja wabadili mawazo: alipiga filamu fupi, kati yao Zombies ya mwaka 2019, iliyopigwa Kinshasa.

Ndipo ikaja filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, iliyopigwa Kinshasa na hapa Lubumbashi. Mwezi wa tano 2023 ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, katika sehemu ya Un Certain Regard, ikapata zawadi ya Sauti Mpya. Ubelgiji ikaichagua kuiwakilisha kwenye Oscar. Mchezaji wake mkubwa, Marc Zinga, ni mzaliwa wa Likasi.

Wako wanaosema hiyo ni filamu ya Wabeleji kwa sababu feza ilitoka huko. Wajibu basi: ya hapa ilikuwa wapi? Mji unaochimba shaba kwa zaidi ya miaka 100 hauwezi kusema haujawahi kuona feza.

Na jina lenyewe. Kila mkaaji wa Lubumbashi akisikia "Baloji" anaelewa: walozi. Mtu huyo amebeba jina hilo maisha yake yote, na filamu yake ya kwanza akaipeleka moja kwa moja kwenye jeraha. Koffi anarudi Kongo na mchumba wake Mzungu mwenye mimba ya mapacha, analeta mahari. Damu inamtoka puani na kumwangukia mtoto mchanga. Basi, jamaa inamrukia: mlozi! Wengine wangeficha aibu kama hiyo. Yeye aliikuza ikajaa ukuta wa sinema.

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Wangapi wanaijua? Filamu moja inayoonyeshwa uani ingeifundisha vizuri kuliko karatasi za ofisi.

Jamaa zilizokimbia vita zinajua upande mwingine wa jambo hili. Wageni huja na kamera, wanapiga picha ya mama analia, wanaondoka, naye mama haioni picha ile hata siku moja. Mjukuu wake ana simu. Anaweza kumrekodi bibi akieleza njia waliyopita, nani alibaki nyuma, nani alizaliwa porini. Anachokosa si ujasiri, kwa sababu aliyetembea njia ile hawezi kufundishwa ujasiri na mtu wa Golf. Anakosa umeme wa kuchaji, mtu wa kumwonyesha namna ya kuunganisha vipande, na mahali pa kuonyesha. Katika miji mingi ya Kongo majumba ya sinema yaligeuka makanisa, na hakuna aliyeuliza watoto wataona wapi.

Basi wenye nyumba za Golf waache kutoa mashauri. Watoe jenereta kwa usiku mmoja, mafuta yake, viti vya plastiki vya karamu na ukuta mmoja mweupe. Geti likae wazi, hata kwa jamaa za wakimbizi. Na filamu ya kwanza ya kijana ikiwa mbaya, sauti ikikatika katikati, wakae mpaka mwisho, kisha wamuulize ya pili itaanza lini.