Mpe Jembe, Mpe na Nafasi

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watoto wa wakimbizi wa Rwanda nchini Uganda walishika bunduki. Fred Rwigyema alikuwa msituni na Museveni tangu Februari 1981. Wengi walimfuata baada ya maelfu ya Wanyarwanda kufukuzwa Mbarara mwaka 1982. Januari 1986 waliingia Kampala wakiwa washindi, naye akawa Naibu Waziri wa Ulinzi. Hata hivyo waliendelea kuitwa wageni, na mwaka 1989 aliondolewa wadhifa. Tarehe 1 Oktoba 1990 walivuka mpaka kwa silaha. Kesho yake akauawa.

Wana Nyololo, anayehamia kijijini tumpe jembe pamoja na nafasi mkutanoni. Utu hauthibitishwi kwa kumwaga damu.