Kittinger, aliyejirusha kutoka kilomita 31

Tarehe 9 Desemba 2022, siku tunayoadhimisha Uhuru wetu, saratani ya mapafu ilimchukua Joseph Kittinger huko Florida, Marekani, akiwa na miaka 94. Huku kwetu, Kasulu na Kibondo, sikusikia akitajwa, nami nataka kumtaja leo. Agosti 16, 1960, rubani huyu wa jeshi la anga alipanda kwa puto juu ya jangwa la New Mexico hadi zaidi ya kilomita 31, mara tano ya Kilimanjaro, kisha akajirusha. Wakati wa kupanda, glovu yake ya kulia ilikuwa imekataa kujaa hewa, mkono ukavimba, naye akanyamaza muda mrefu asije akaamriwa ashuke. Alianguka kwa dakika 4 na sekunde 36 kabla ya mwavuli mkubwa kufunguka. Miezi tisa kabla ya hapo, katika mruko mwingine, mwavuli mdogo ulikuwa umemzonga shingoni hadi akazirai, na bado alirudi angani! Jeshi hilo lilitaka kujua rubani anayelazimika kuiacha ndege juu kabisa atafikaje chini akiwa hai. Kwangu hilo lina uzito kuliko rekodi yenyewe. Mrukaji Felix Baumgartner alipompita kwa urefu mwaka 2012, sauti iliyomwongoza kutoka ardhini ilikuwa ya mzee Kittinger. Walimu wa sayansi wa Kasulu na Kibondo, mkifundisha mgandamizo wa hewa, wasimulieni watoto wetu habari za glovu ile.