Saa ya Kucheza Ni ya Nani?

Wazee wetu husema kwamba watoto wa siku hizi hucheza kupita kiasi. Naomba nafasi katika gazeti letu la shule nipate kulijibu neno hilo, maana naona hawakuwatazama watoto wote.

Watoto wa miaka 6 au 7 hapa Mbinga, wavulana kwa wasichana, hucheza kombolela pamoja mpaka giza liingie. Kule Mbamba Bay huogelea ziwani hata meno yakagongana kwa baridi. Hao wana raha yao, tuwaache.

Sasa mtazame wa miaka 13. Mvulana ana mpira wake wa matambara na uwanja. Msichana wa umri ule ule hucheza rede akiwa na mdogo wake mgongoni, na mpira ukirushwa hukwepa kwa hofu, usije ukampiga mtoto. Tena huitwa nyumbani kabla mchezo haujaisha.

Najua kazi hazina budi kufanywa. Likizo ya Juni huja wakati wa kuchuma kahawa, na matunda yaliyochumwa leo yapasa kumenywa leo hii, la sivyo huharibika. Likizo iliyopita sote nyumbani tulichuma tangu asubuhi. Jioni mimi nilizungusha mashine, nikanawa, nikaenda uwanjani. Dada yangu, anizidiye mwaka mmoja, alichota maji, akapika, akaosha vyombo. Niliporudi nilimkuta yungali jikoni, na daftari lake la Hesabu limefungwa kando ya mafiga. Wala sikuona ajabu. Niliuliza chakula ki wapi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yahesabu kucheza na kupumzika kuwa haki ya mtoto, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Haikuandikwa humo kwamba awe mvulana.

Basi, wazazi wetu, hatuombi kazi ziachwe. Lakini sisi wavulana tukichota ndoo mbili mbili kabla ya mpira, dada zetu watapata saa moja jua lingaliko. Wengine watacheza netiboli, wengine watasoma, wengine watakaa kivulini wakisukana nywele. Na huo si uvivu, kama vile bao la wazee lisivyo uvivu. Likizo ijayo nitaanza mimi, na wenzangu wa uwanjani wacheke watakavyo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu