Ziwa Mlangoni, Kiu Shambani

Kwetu ni Magu. Ukipanda jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yetu unaliona Ziwa Victoria likimeta mpaka macho yachoke. Ukigeuka nyuma unaliona shamba la mahindi. Mvua zikikatika katikati ya msimu mahindi yale hujikunja, hukauka, na ziwa lipo palepale. Mtu akipata njaa jangwani tunamhurumia. Akipata njaa mlangoni mwa ziwa, tuseme nini?

Utotoni nilimuuliza baba mkubwa kwa nini hatuyavuti maji yale. Akanijibu, "Mwanangu, Mmisri hataki." Jibu hilo nimelisikia tena na tena, kwa wazee, kwa walimu, hata kwa viongozi. Leo nataka kulipinga.

Kweli, lilikuwa na mzizi. Mwaka 1929 Uingereza, iliyokuwa ikitutawala, ilikubaliana na Misri kwamba isijengwe kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme katika Mto Nile na maziwa yake, itakayopunguza maji ya Misri, bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana maji ya Nile: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan. Sisi wa huku juu hatukuachiwa hata tone.

Lakini mwaka 1962 Tanganyika huru iliwaandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano yale ya 1929. Ndiyo sera inayoitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere. Kisha tukachukua maji ya ziwa kutoka Ihelele, Misungwi, tukayapeleka Shinyanga na Kahama, na mradi ukazinduliwa mwaka 2009. Baadaye yakafika Nzega, Igunga na Tabora. Tarehe 13 Oktoba 2024 Mkataba mpya wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, ambao Tanzania iliusaini Entebbe mwaka 2010, ulianza kutumika, ingawa Misri na Sudan hazimo.

Basi, kama maji yameweza kupanda mpaka Tabora, Mmisri gani anayeyazuia yasifike shambani kwa jirani yangu?

Anayetuzuia ni sisi wenyewe, kwa namna tunavyohesabu miradi. Nchi yetu inatajwa kuwa na hekta milioni 29.4 zinazofaa kumwagiliwa. Kufikia mwaka 2022 zilizohesabiwa kuwa na miundombinu ya umwagiliaji zilikuwa kama 727,000. Hata tatu katika mia hazijafika! Na hizo zilizohesabiwa, je, zote zina maji? Nimepita katika bonde moja la mpunga, sitataja kijiji, nikaona banio zuri la saruji limejaa mchanga, na mfereji umeishia kabla ya majaruba ya kwanza. Kwenye taarifa, mradi ule umekamilika. Kwenye jaruba, mama mmoja alikuwa anasubiri mvua.

Wapo watakaosema umwagiliaji ni ghali. Ni kweli. Ziwa liko chini na mashamba yako juu, kwa hiyo maji lazima yasukumwe, na dizeli hainunuliwi kwa hotuba. Ndiyo maana nasema tuanze na maji yanayotupita. Mto Simiyu hufurika wakati wa mvua, hubeba udongo wetu kuupeleka ziwani, na kiangazi huacha mchanga mtupu. Maji yale tungeyakinga katika malambo na mabwawa madogo, yangetiririka yenyewe kwenda mpungani.

Tazama pia tunavyomtendea mdogo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria njema. Inalinda ziwa ambalo sote tunakunywa. Lakini kijana wa nyanya na mchicha, aliyekuwa akichota kwa ndoo, ameambiwa aondoke ukingoni bila kupewa hata mpira wa kumfikishia maji mita ya 61. Tumelilinda ziwa, tumemwacha mtu.

Simchukii Mmisri. Mkulima wa kule naye hana mvua, hutegemea mto uleule, na watoto wake wanakula kama wa kwangu. Ninachokataa ni kumfanya yeye kuwa pazia la uzembe wetu. Adui wa mbali ni rahisi kumlaumu, kwa sababu haji kwenye mkutano wa kijiji kujibu.

Ninaomba jambo moja tu. Katika ubao wa matangazo wa kila kijiji chenye mradi wa umwagiliaji yaandikwe mambo manne: fedha zilizopokelewa, ekari zilizokusudiwa, ekari zilizopata maji msimu huu, na magunia yaliyovunwa. Mradi usiitwe umekamilika siku ya kukata utepe. Uitwe hivyo siku mkulima wa mwisho wa mfereji atakapovuna.

Baba mkubwa alishafariki. Mjukuu wake akiniuliza swali lile lile, sitamwambia "Mmisri hataki." Nitamshika mkono nimpeleke kwenye ubao wa kijiji, tusome pamoja. Na kama ubao ni mtupu, atakuwa amekwisha kupata jibu.