Usifute tovuti yako kwa sababu imegoma kufunguka nyumbani

Kuna aibu moja ambayo sisi vijana wa kompyuta hatupendi kuisimulia. Umekesha wiki nzima ukiunda tovuti, ukaiweka kwenye laptopu kuukuu iliyo chini ya meza sebuleni. Rafiki yako aliye Naivasha anaifungua bila shida. Wewe unayelala hatua tatu kutoka kwa seva hiyo huoni kitu. Mwenye nyumba kafungiwa nje!

Yalinipata hapa Nakuru, nilipomuundia mama tovuti ya biashara yake ya viazi vya Molo. Nilimwita aione, simu ikazunguka weee, kisha ikakataa. "Sasa hiyo kazi yako iko wapi?" akauliza. Niliifuta na kuianza upya mara mbili. Kumbe tovuti haikuwa na kosa lolote.

Shida ilikuwa rauta. Nyumbani kila kifaa kina anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 192.168. Dunia ya nje haizioni hizo; inaona anwani moja tu, ya rauta. Jina la tovuti yako huelekeza kwenye anwani hiyo ya nje. Ombi likitoka Naivasha, rauta hulipokea mlangoni na kulipeleka kwa laptopu. Lakini ombi likitoka ndani, likilenga mlango huo huo wa nje, rauta nyingi hazijui kuligeuza lirudi ndani. Nyingine hukuletea ukurasa wake zenyewe wa kuingiza nywila, nawe unadhani umedukuliwa.

Kwa hivyo, kabla ya kufuta chochote, zima waifai kwenye simu na ujaribu kwa bando. Ikifunguka, kazi yako iko sawa. Tafuta kwenye rauta mpangilio unaoitwa "NAT loopback" au "hairpin" uuwashe. Usipokuwepo, andika jina la tovuti na anwani ya ndani ya seva kwenye faili ya "hosts" ya kompyuta unayotumia. Ukitaka simu zote za nyumbani zifuate, weka DNS yako ya ndani.

Na ikikataa hata kwa bando? Angalia anwani ya nje iliyoandikwa kwenye rauta. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, huenda kampuni yako ya intaneti imekuweka na wateja wengine nyuma ya anwani moja. Hapo hata ufungue milango yote ya rauta, mgeni hafiki.

Hapa ndipo nina neno na kampuni za intaneti. Anwani za zamani ni haba, hilo tunaelewa. Lakini mwambieni mteja kabla hajalipa! Na mtupe IPv6, ambayo ina anwani za kutosha kila kifaa. Sisi si watu wa kupakua video tu. Tunataka pia kuweka vyetu.

Wapo watakaosema, lipia seva ya ng'ambo uache kujisumbua. Kwa biashara kubwa, sawa kabisa. Stima ikipotea mtaani, tovuti ya sebuleni nayo hulala. Lakini anayejifunza hapati darasa la bei rahisi kuliko laptopu kuukuu. Mimi sikuwahi kuelewa mtandao unavyofanya kazi hadi uliponifungia nje.

Isitoshe, nchi nzima iliwahi kupitia haya. Zamani barua pepe kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda nyingine jijini humo ilizunguka hadi ng'ambo ndipo irudi. Novemba 2000 watoa huduma walianzisha kituo cha KIXP ili wabadilishane data hapa hapa. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ililalamika na kituo kikafungwa. Hawakukata tamaa, kilirudi mwaka wa 2002.

Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021. Jiji si barabara na taa pekee. Ni pia vijana wanaojua kujenga vitu vyao na kuvifikia. Mama sasa hufungua tovuti yake akiwa jikoni, na swali lake limebadilika: mbona bei za jana bado ziko?