Maua mawili ya kigeni: moja tulitunze, lingine tuling'oe



Kiangazi hiki, tulipokuwa tunazunguka kwenye vikundi, swali moja lilirudi karibu kila kilima: "Tupande nini kwenye lupango?" Wengine wanataka kuzuia mbuzi. Wengine wanataka kushika udongo usiteremke na mvua. Wengine wanataka tu nyumba ipendeze, na hilo pia ni jambo jema. Na mara nyingi walituonyesha mimea miwili ileile, wakituomba tuseme ipi ni bora. Leo tunajibu bila kuzunguka.

Ya kwanza ni titonia. Inapita urefu wa mtu, majani yake yamegawanyika kama vidole, na ua lake ni la manjano, mfano wa alizeti ndogo. Ya pili ni lantana. Hiyo ni kichaka chenye miiba midogo, shina la pembe nne, na majani ya kukwaruza yenye harufu kali ukiyasugua. Maua yake madogo yanakaa pamoja kama shada, na yanabadilika rangi: leo manjano, kesho machungwa au mekundu. Kila kijiji kiko na majina yake kwa mimea hii, kwa hiyo angalieni umbo, msitegemee jina.

Yote miwili ni migeni kwetu. Asili yao ni Amerika: titonia ilitoka Meksiko na nchi za jirani yake, lantana ilitoka maeneo ya joto ya bara lile. Zilisambazwa duniani kama mapambo ya bustani, juu ya uzuri wao. Baadaye zikaruka lupango na kujiotea zenyewe kandokando ya barabara. Wazee wetu wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunaona hiyo njo njia ya haki ya kuyapima maua haya. Uzuri wao tumekwisha kuuona. Sasa tuulize: nani alishika jembe?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, sisi wa timu ya mashamba tulipanda lantana kwenye mlango wa shamba letu la mfano. Ilichanua vizuri, wageni wakapiga picha. Hatukumwambia mtu kitu, juu hata sisi hatukuwa tumejifunza vya kutosha. Kiangazi kilipofika, familia moja iliyokimbia kwao ikafika na ng'ombe mmoja. Majani yalikuwa yamekauka kila mahali. Wakamfunga karibu na lupango letu, akala kile kilichokuwa kibichi. Siku chache baadaye aliacha kula, macho yakawa ya manjano, ngozi ya pua ikaanza kupasuka kwa jua. Alikufa. Ng'ombe yule alikuwa masomo ya watoto watatu. Familia haikutulaumu, lakini sisi tunajua.

Mganga wa mifugo alitufafanulia. Majani ya lantana yako na sumu inayoharibu ini. Ini likishindwa kazi, ngozi ya mnyama haivumilii tena mwanga wa jua, hasa sehemu nyeupe na zisizo na manyoya mengi. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wote wanaweza kuumia. Mkiona dalili hizi, mwondoeni mnyama pale haraka, mwekeni kivulini, mpeni maji, na mwite veterineri siku ileile. Msingoje kesho.

Tunajua jibu la wengi: "Lakini ile maua njo lupango ya muzuri, juu mbuzi hazikuli majani yake." Ni kweli, mnyama aliyezaliwa hapa na mwenye kushiba huiacha. Ila anayekufa mara nyingi ni yule mwenye njaa, au yule aliyetoka mbali na hajui mmea huu. Na kwetu, kwa vita na kuhamahama, ni wangapi wanafika na mifugo wasiyoijua nchi? Lupango linalolinda bustani yangu na kuua ng'ombe wa jirani si lupango la kooperative.

Tena lantana haikai pale ulipoipanda. Ndege wanakula matunda yake meusi na kumwaga mbegu kwenye malisho na mashamba yaliyopumzika. Inafunga vichaka ambavyo majani ya mifugo hayaoti tena ndani yake. India na Australia waliipokea kama ua la bustani katika miaka ya 1800, na mpaka leo wanahangaika nayo kwenye misitu na malisho. Shirika la IUCN limeiweka kati ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Haki yake tuiseme pia. Majani yake makavu yanasaidia kufunika viazi ghalani ili nondo wa viazi asiviharibu. Lakini kwa kazi hiyo, vichaka vilivyokwisha kujiotea barabarani vinatosha kabisa. Hakuna sababu ya kupanda kingine.

Sasa titonia. Huyu mgeni alishika jembe. Katika miaka ya 1990, watafiti wa ICRAF na KARI walifanya kazi na wakulima wa magharibi ya Kenya, kwenye udongo uliochoka kama wetu. Waliona kwamba kilo 100 za majani makavu ya titonia zinabeba karibu kilo 3 na nusu za azoti, kilo 4 za potasi, na kama gramu 400 za fosfori. Majani mabichi yanaoza haraka udongoni, kwa hiyo mmea unakula mapema. Kwa mkulima ambaye bei ya mbolea ya duka inamshinda, hii si maua tu.

Lakini hatutaki kuwauzia ndoto. Kiasi walichotumia wale watafiti kilikuwa tani 5 za majani makavu kwa hekta. Majani mabichi yamejaa maji, kwa hiyo hiyo ni karibu tani 30 za kukata na kubeba. Ni mgongo wa nani utabeba? Tunajua ni wa mama, na mlima ni mlima. Ndiyo maana hatusemi mufunike shamba zima la mihogo au mahindi. Tunasema anzeni na bustani ya mboga. Kwa kitanda cha mita 1 kwa mita 10, kiasi hicho ni kama kilo 30 za majani mabichi. Mizigo miwili ya kiasi, lupango likiwa karibu. Hapo inawezekana, na sombe, nyanya na kabichi zinalipa jasho.

Jambo la pili la kusema wazi: titonia haitengenezi fosfori. Inaivuta pale inapoota, na wewe unaihamisha. Ukikata kila msimu bila kurudisha kitu, mahali pale patachoka. Rudisheni samadi au majivu chini yake mara kwa mara.

Jambo la tatu: titonia nayo ni mvamizi ikiachwa. Mbegu zake ni nyingi, na kipande cha shina kikiangukia udongo wenye maji kinaota. Kwa hiyo ikateni ikiwa laini, kabla haijatoa maua au pale inapoanza tu. Hapo majani yako na nguvu zaidi, na mbegu hazipati nafasi. Ukitaka uzuri, acha michache karibu na nyumba ichanue, kisha uikate kabla mbegu hazijakomaa. Anayesema hana nafasi ya kuikata, tunamshauri asiipande.

Maoni yetu basi ni haya, na tunaomba myajadili kwenye mkutano mkuu ujao. Kwanza, kooperative isipande lantana tena mahali popote. Pili, ile iliyoko karibu na malisho, kisima na shule ing'olewe pamoja na mizizi, kabla matunda hayajaiva. Kuikata juu tu ni kuipa nguvu. Vaeni kitambaa kizito mikononi, na msiache matawi njiani, juu hata yakinyauka bado ni sumu. Watoto waambiwe wasile matunda yake, hasa mabichi. Tatu, siku hiyohiyo pandeni kitu pale mlipong'oa, kwa sababu udongo mtupu utairudisha. Vipande vya shina la titonia lililokomaa, vya urefu wa sentimita 30 hivi, vikipandwa mwanzo wa mvua kwenye mistari ya kushika udongo, vinatosha.

Sisi tumekwisha kuanza. Lantana ya mlango wa shamba letu tumeing'oa kwa siku mbili, na mikono yetu ingali na alama za miiba. Ilichipuka tena mara mbili, tukarudi na jembe. Pale sasa kuna titonia, na kila mwezi tunaikata. Mlango haupendezi kama zamani. Lakini kiangazi hiki familia nyingine ilifika, ikamfunga ng'ombe wake palepale, na sisi tulilala usingizi.